Hodi ya Tatu

4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Hapa tunapumua. Kitinda ametoka jino la mbele, la juu, na sasa maneno yote yenye "s" yanamtoka na upepo. Ameniagiza nikuandikie "thikamoo" na nisisahihishe. Mama anakusalimia sana, anauliza kama blanketi lilikufikia au liliishia kwa dereva wa lori. Mimi nimeingia kidato cha tatu, na bado mwalimu akiita majina nasema "nipo" kwa sauti ambayo hata daftari langu halisikii. Mwezi huu nimeandikwa mtoro mara mbili nikiwa nimekaa pale pale.

Naandika barua kwa sababu huko kambini kwenu simu hazishiki, na hata zingeshika, simu ya Mama siku hizi inakaa mfukoni mwa mumewe. Mama anataka nimwite Baba. Mbele yake nasema shikamoo na kuishia hapo hapo. Humu nitamwita kama mlivyomwita chamani: Bingwa.

Haya, habari za chama, maana najua ndizo unazozitaka. Wakereza tunakutana kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, banda lile lile la bati nyuma ya ghala la saruji, mashine ile ile ya kuzungusha mti. Mama Shanga ameacha kukereza shanga, anasema zimemla macho, sasa anakereza michi ya kutwangia. Nusu Kidole ndiye mwenyekiti. Juzi alitufundisha kuingiza bobari, patasi yetu yenye makali ya mviringo, kwenye bakuli: kwanza unaulaza mgongo wa bobari juu ya mti unaozunguka, bila kukata kitu, unausikiliza tu kwa mkono. Halafu unanyanyua mpini kidogo kidogo mpaka makali yaanze kuuma. "Nyinyi mnaanza na makali," alisema, "halafu mnashangaa mti ukiwarudi." Akainua kile kidole. Kila somo la yule mzee linaishia kwenye kidole.

Na ile hodi uliyoianzisha bado ipo. Gogo lolote kabla halijapanda mashine, mwenyewe analibisha ngumi tatu na kusema "Hodi!" Likiwa zima ndani, msikilizaji anajibu "Karibu." Likiwa na ufa, mlio unakuwa wa kopo lililojaa mchanga, na msikilizaji ananyamaza. Hakuna kubishana, gogo linakwenda kwenye kuni. Tatizo ni kwamba masikio yao yote yameliwa na mashine. Mwaka jana waliwajaribu wanachama sita, wakakosa sita. Nusu Kidole akaniona kwenye kona napiga msasa kijiko changu, akasema, "Huyu asiyesema, huenda anasikia." Wakanibishia magogo kumi. Sikukosa hata moja. Sasa mimi ndiye msikilizaji, jina langu Sikio. Kazi yangu yote ni kusema neno moja au kutosema. Sijawahi kupata kazi inayonifaa hivi.

Mama alianguka bafuni. Mkono wa kushoto umevimba, lakini hautaki kupelekwa hospitali, yaani Mama hataki. Ni mara ya tatu tangu mwaka uanze.

Bafu letu lina sakafu ya kokoto, Mjomba. Unalijua. Halitelezi.

Mpwa wako


26 Februari

Mpwa wangu, Sikio la chama!

Marahaba, na marahaba nyingine ya Kitinda, bila kusahihisha. Blanketi lilifika likiwa na harufu ya dizeli, ndiyo kusema dereva alilionja kwanza. Hapa tunaangusha miti kuanzia kuchomoza kwa jua. Mpishi wetu mpya alikuwa fundi bomba, na chakula chake kina ladha ya kazi yake ya zamani. Nimekonda, lakini nimekaza. Ukinigusa mkono utadhani umegusa nguzo.

Nimefurahi mno kuhusu hodi. Uketi mbali na mashine, usije ukaharibu hayo masikio. Na mtu akiwasha mashine mara ya kwanza, usisimame kwenye njia ya gogo. Simama ubavuni. Gogo likiachia halichagui. Mimi mdomo wangu huu ulioshonwa mpaka leo unakaza asubuhi za baridi, na unakumbuka gogo lililonirukia wiki ile ya mwisho kabla sijaja huku. Ningesimama ubavuni ningebaki mzuri.

Hilo la bafu nimelisoma mara nne. Mwambie huyo mtu, au usimwambie, lakini ujue wewe: nikishuka huko nitampasua kichwa. Nitampasua kama kuni kavu, kwa pigo moja, vipande viwili, kimoja kulia, kimoja kushoto. Dada yangu si ngoma. Hapa wenzangu wananiuliza kwa nini natema mate nikiangusha mti, hawajui ni sura ya nani ninayoiona kwenye gome.

Sasa hivi siwezi kuondoka, barabara imekatika kwa mvua na msimamizi hatoi ruhusa. Ikifunguka tu utaniona.

Wako,
Mjomba


19 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mama yupo, Kitinda yupo, mimi nipo. Wiki saba sikuandika na sina sababu ya kukupa. Barabara nasikia ilifunguka mwezi uliopita. Dereva wa lori alimwambia Mama Shanga.

Jumamosi ya tarehe sita kulitokea jambo.

Bingwa alitaka kukereza bakuli la kupeleka kwenye maonyesho, kubwa kuliko yote ambayo chama kimewahi kutoa. Nusu Kidole alimletea gogo kutoka kwenye mti ulioangushwa nyuma ya shule yetu, pana kama beseni la kufulia, zito mpaka wakalibeba wawili. Bingwa akalibisha mara tatu kwa ile ngumi yake. "Hodi!" Nikasema, "Karibu." Wakalifunga kwa skrubu nne.

Akaliwashia mwendo mkubwa tangu mwanzo. Banda likatetemeka, makopo ya gundi yakaanza kutembea rafuni. Nusu Kidole akapiga kelele, "Bingwa, punguza! Na simama ubavuni!"

"Mzee, wewe ulisimama ubavuni na kidole kikabaki mashineni!" Watu wakacheka. Naye alikuwa anacheka, amesimama mbele kabisa, kifua wazi, alipolaza bobari. Hakulaza mgongo. Alianza na makali.

Mlio wake haukuwa mkubwa kama unavyodhani. Ulikuwa kama mtu aliyefunga kitabu kinene. Nusu moja ya gogo ilipanda juu ikatoboa bati, na jua likaingia pale pale kama taa. Nusu ya pili ilimpiga usoni. Hakuanguka mara moja. Alisimama, akainua mkono kama anayetaka kujifuta jasho, na mkono ukaingia mahali ambapo palitakiwa kuwa na shavu. Halafu akakaa chini kwenye maranda. Maranda yale yalikuwa meupe. Yalinywa damu yote mpaka yakawa kama matandu ya sufuria, na bado ilikuwa inatoka. Mashine iliendelea kuzunguka na skrubu zake nne tupu, hakuna aliyekumbuka kuizima. Mama Shanga aliokota meno mawili, akayafunga kwenye kitambaa chake cha kichwa, sijui kwa ajili gani.

Hospitali walimtoa jicho la kulia. Daktari alikuwa mgeni, lugha yetu haijui, nikawa mkalimani. Aliniuliza kwa ile lugha ya shule kilichotokea. Nikamwambia gogo lilipasuka. Akaandika. Askari akaja, akamuuliza daktari, naye akaandika hivyo hivyo. Kwa lugha zote mbili ni kweli. Lilipasuka. Ukisema limepasuka, hakuna anayeuliza nani.

Mama amekaa hospitalini siku tisa akimlisha uji kwa mrija.

Mpwa wako


6 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba! Nimesoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Msimamizi alidhani nimepata habari za harusi. Mungu anisamehe, nilinunua soda nikawapa wenzangu wawili bila kuwaambia tunasherehekea nini.

Usijilaumu hata kidogo. Najua unavyofikiri, nakujua tangu ulikuwa unajificha nyuma ya pazia wageni wakija. Sikio nalo hukosa. Gogo la upana ule, bichi, zito, ufa ukiwa katikati kabisa, hata mimi siku zangu nzuri ningesema karibu. Ni ajali. Mti una siri zake.

Mwambie dada yangu apumzike. Huyo mtu jicho moja litamtosha kuona alichokifanya. Na akipona, mimi bado ahadi yangu iko pale pale, kilichobaki nitakimalizia.

Kuhusu barabara, ilifunguka siku chache tu, ikakatika tena.

Wako,
Mjomba


20 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Kitinda anakusalimia. Jino jipya limeanza kuchungulia.

Lile jino sikukwambia vizuri. Halikuwa likitikisika. Ilikuwa Jumapili mchana, Mama anakula kipigo kati ya kabati na meza, na Kitinda akaenda kumshika baba yake mguu, si kwa ubaya, alishika tu kama anavyoshika mguu wa mtu yeyote. Bingwa akatupa mkono nyuma bila kugeuka. Kitinda hakulia. Alilitema jino kiganjani akanionyesha, akauliza, "Nitalirudithia wapi?" Ana miaka mitano. Bingwa aligeuka akaona, akasema, "Si lingetoka tu?" Na Mama, damu iko kwenye nyusi zake, akasema, "Lingetoka."

Nilikuandikia Februari ukaandika kupasua. Nikasubiri barabara.

Sasa sikiliza, kwa sababu jambo hili nitalisema mara moja. Shuleni tunaandika insha kwa lugha ile nyingine, na huko nina maneno mengi ya adabu, naweza kuzunguka kitu kurasa mbili bila kukigusa. Kwa lugha ya nyumbani sijui kuzunguka.

Sikio halikukosa.

Ngumi ya kwanza niliusikia ufa. Ya pili niliusikia tena, nikajua hata umekaa wapi, unakatiza katikati kama mstari wa mkononi. Ya tatu sikuwa nasikiliza tena gogo, nilikuwa naiangalia ngumi. Ilikuwa na alama ndogo kwenye kifundo cha kidole cha kati, ya jino. Akasema "Hodi!" akanitazama, hata hakunitazama mimi, alitazama upande wangu kama mtu anavyotazama saa. Ningenyamaza tu. Kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote duniani. Na siku hiyo nikasema, tena kwa sauti, Mjomba, kwa sauti nzuri kabisa mpaka Mama Shanga akacheka akasema, "Leo Sikio lina mdomo!"

Nilisema karibu.

Halikupasuka. Nililipasua.

Mpwa wako


28 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Wiki ya sita hii. Lori limekuja mara tatu. Nimemuuliza dereva, anasema barua ulipewa mkononi na uko mzima, unakula, unapiga soga.

Bingwa ametoka hospitali. Upande mmoja wa uso umeingia ndani, na jicho lililobaki linafanya kazi ya mawili, halikosi kitu. Mama hapigwi sasa kwa sababu Bingwa akiinama kichwa kinamgonga. Anapiga vitu. Ametafuta wa kumlaumu, amempata. Anasema Nusu Kidole aliuona ufa, akauziba kwa gundi na unga wa mbao, akaupiga msasa usionekane, kwa wivu wa maonyesho. Anasema ndiyo maana hata mtoto akadanganyika. Mtoto ndiye mimi.

Unaujua ule ujanja wa gundi na unga. Chama kizima kinaujua, Nusu Kidole ndiye aliyetufundisha. Kwa hiyo wakaanza kumwangalia.

Jumatano iliyopita, saa nne asubuhi, Bingwa alikwenda uani kwa yule mzee na nyundo ya chuma. Alianza na mashine ya mzee. Majirani wanasema aliipiga kama anavyopiga mtu, akiitukana mama yake. Nusu Kidole akatoka na mswaki mdomoni, akasema, "Acha mashine, haikukukosea." Bingwa akamshika mkono wa kushoto, ule wenye vidole vizima, akaulaza juu ya kile chuma cha kuegemezea patasi. Akapiga mara tatu. Baada ya ya tatu akauliza, "Karibu?"

Nilikwenda kumwona. Mkono uko ndani ya plasta mpaka kwenye kiwiko, na ncha za vidole zinazochungulia ni nyeusi kama zabibu zilizokauka. Nilikaa. Mzee akanitazama muda mrefu. Yeye anajua kwamba hakuziba ufa wowote, Mjomba. Na akijua hilo, anajua lingine lote. Akaniuliza, "Bado unasikia vizuri?"

Nikasema, "Nasikia."

"Basi usiache," akasema. Halafu akaniomba nimmenyee chungwa.

Ameniacha na hilo. Hajamwambia mtu. Bingwa ameitisha mkutano wa chama Jumamosi ya kwanza ya Agosti, anataka mzee afukuzwe, na anasema baada ya hapo atashuka kwenye mkono wa pili.

Wewe ndiye uliyemleta Bingwa kwetu. Nakumbuka siku hiyo, nilikuwa nyuma ya pazia. Ulikuwa umemshika bega, ukasema, "Dada, huyu ni ndugu yangu wa chama." Kila barua unampasua kichwa. Haya, kimepasuka. Mbona kimya?

Mpwa wako


15 Julai

Mpwa wangu,

Sikuulizi hali, nianze tu.

Mdomo wangu haukupasuliwa na gogo. Nilikwambia hivyo, nikamwambia mama yako hivyo, nikawaambia wenzangu wa hapa, nimelisema mara nyingi mpaka nimeshaona hata rangi ya gogo lenyewe. Hakukuwa na gogo. Nilikwenda kwenu Jumatatu moja kumuuliza kwa nini dada yangu anavaa mikono mirefu kwenye joto lile. Nilikuwa nimejipanga maneno. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, akaniambia shemeji umemaliza? Nikasema nimemaliza. Akanipiga na kikombe cha bati alichokuwa anakunywea chai. Nikaanguka, akanipiga nikiwa chini. Sikurudisha hata kofi. Nilikojoa. Mama yako alisimama mlangoni akaona yote, na aliyekuja kuniinua ni yeye. Alinifuta kwa gauni lake akaniambia, "Nenda, kaka. Nenda mbali." Nikafurahi aliposema nenda. Huo ndio ukweli, nilifurahi. Wiki ile ile nikapanda lori.

Msimamizi hajawahi kuninyima ruhusa. Sijawahi kuomba.

Barua yako ya Mei niliisoma nikaitia motoni kwa woga, halafu nikajaribu kuitoa nikaungua vidole. Nilishindwa kuandika kwa sababu wewe ulifanya kwa neno moja kitu ambacho mimi nimekifanya miaka mitano kwa maneno matupu. Nilikuonea wivu. Halafu nikaogopa.

Nakuomba, mpwa wangu: usiseme. Nusu Kidole amezeeka na amechagua. Mwache abebe lawama. Ukisema, Bingwa atakuua, na mimi niko mbali. Wewe kunyamaza unakujua. Nyamaza.

Mjomba


12 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Naandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana herufi zinalewa. Usiogope, soma mpaka chini.

Mkutano ulijaa. Watu walikaa juu ya magogo. Lile tundu la bati halijazibwa bado, na jua lilikuwa linaanguka katikati ya banda kwenye sakafu tupu, watu wote wamepakwepa. Nusu Kidole alikaa kwenye kigoda chake na plasta mapajani. Bingwa alisimama. Aliongea vizuri, unajua anavyoweza kuongea. Akaonyesha jicho. Akasema, "Mwizi anakuibia mali. Huyu kaniibia nusu ya dunia." Akasema tupige kura. Fundi Viatu, aliyeshika uenyekiti siku hiyo, akamuuliza mzee kama ana la kujibu, na mzee akasema, "Sina."

Mikono ikaanza kupanda. Nilihesabu saba.

Nikasimama. Mdomo wangu ulifunguka na kitu kilichotoka, usicheke, ni neno moja tu ambalo umezoea. Nikasema, "Nipo."

Wakageuka. Fundi Viatu akasema, "Tunaona, mama. Unataka nini?"

"Lile gogo nililisikia," nikasema. "Lilikuwa bovu. Gundi haikuwepo. Ufa niliusikia ngumi ya kwanza. Nikasema karibu kwa makusudi."

Bingwa alinigeuzia ule upande wenye jicho. Kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumbani kwetu alinitazama mimi, si upande wangu. "Kwa nini?" akauliza, na aliuliza kama mtu ambaye kweli hajui. Nikamwambia, "Jino la Kitinda."

Alichukua bobari iliyokuwa karibu, ile ndefu ya mabakuli. Nilinyanyua mkono, ikaingia hapa chini ya kiwiko ikatoka upande wa pili. Sikusikia maumivu, nilisikia mlio, kama mtu anayerarua kanga. Alipoivuta ili anirudie, Mama Shanga alikuwa ameshafika. Alikuwa na mchi aliotoka kuupiga msasa asubuhi ile. Alimpiga kwenye kifundo cha mkono, nao mkono ukainama upande ambao mikono haiinami. Bobari ikaanguka. Akampiga pigo la pili kwenye goti. La tatu alilizuia mwenyewe hewani, akasema, "Niondoleeni huyu mtu kabla sijammaliza, nina wajukuu." Wanaume watano wakamkalia Bingwa. Alikuwa analia. Alikuwa anasema jina la mama yangu.

Askari walikuja. Safari hii hawakuhitaji mkalimani. Niliwaambia yote, la gogo pia, na wameandika. Wanasema nitaitwa. Nitakwenda.

Zahanati walinishona nyuzi kumi na saba. Mama alikuja na kanga imevaliwa ndani nje. Alikaa pembeni ya kitanda, akauangalia uzi ukiingia na kutoka, muuguzi alipoondoka akauliza, "Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Na ukasema karibu."

"Ndiyo."

Nilidhani atanipiga kofi. Akanitengeneza kola ya gauni la shule, akasema, "Mimi nimesikia miaka sita. Kila jioni nasikia kabisa, na namfungulia." Halafu akasema nina njaa, yaani aliniambia mimi kwamba mimi nina njaa, akaenda kutafuta mkate.

Bingwa walimshikilia siku nne, wakamwachia asubiri kesi, akaenda kwa kaka yake. Nusu Kidole anaendesha chama kwa mkono mmoja. Amenifukuza usikilizaji, mbele ya watu, kwa mwaka mzima. Alisema, "Sikio ni zima. Ulimi ndio tunaupeleka kwenye kuni." Wakacheka, hata mimi. Ni haki. Nafagia maranda.

Sasa jana. Jumapili, kama saa tatu asubuhi. Mama anakata kitunguu, Kitinda yuko chini ya meza na vijiko vyangu, mimi najifunza kuandika kwa mkono huu. Mlango ukabishwa.

Mara moja. "Hodi."

Bingwa, kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia uko kwenye plasta. Sauti ilikuwa ya upole, ya mtu aliyeoga. Kitinda akafungua mdomo, maana amefundishwa adabu. Mama akashuka chini ya meza, akamziba kwa kiganja chenye maji ya kitunguu.

Mara ya pili. "Hodi, mke wangu. Nimekuja tuzungumze."

Mama alikuwa amepiga magoti, kisu bado kiko mkononi, machozi ya kitunguu yanamtiririka, hata mimi sikujua kama ni ya kitunguu. Akanitazama. Si kama mama anavyomtazama mtoto. Alinitazama kama wanavyonitazama bandani, gogo likiwa juu. Akauliza bila sauti, midomo tu: "Unasikiaje?"

Nikasikiliza. Nilisikiliza vizuri kabisa, Mjomba, bila chuki, nimwogope Mungu.

Mara ya tatu. "Hodi."

Sikujibu.

Mama naye akanyamaza. Tukanyamaza wote watatu, Kitinda pia, na kile kijino kipya kikigusa kiganja cha Mama. Alisimama pale nje muda mrefu. Tulisikia viatu vikigeuka kwenye kokoto, halafu geti.

Mama akainuka, akaosha kisu, akamalizia kitunguu.

Najua barabara haijakatika. Dereva anasema lori linashuka kila Ijumaa. Hatukudai chochote, na kuhusu mdomo wako hatutauliza. Ila ukija usipige hodi. Sukuma tu, kwako wewe mlango huu hauna komeo.

Mpwa wako